Pikipiki imekosa nguvu: ni cheche au ni mafuta?

Pikipiki ikianza kushindwa mlima iliokuwa ikiupanda kwa gia ya tatu, mkono wa fundi huwahi kwenye skrubu ya kabureta. Skrubu inazungushwa nusu mzunguko, sauti ya injini inabadilika, mwenye chombo anaondoka na matumaini. Siku mbili baadaye amerudi na plagi nyeusi na mlima bado unamshinda. Skrubu haina kosa. Kosa ni kugusa mafuta kabla ya kujua kama cheche inatoka kwa wakati wake, maana cheche iliyochelewa na mafuta yaliyopungua huleta dalili za kufanana kama mapacha: injini nzito, ekzosi ya moto kupita kiasi, na dereva anayefungua resi zaidi ya zamani ili apate mwendo ule ule.

Kuna kanuni moja inayowatenganisha mapacha hao, na ndiyo tutakayoitumia hadi mwisho: hitilafu ya mafuta hufuata mkono wa resi, hitilafu ya cheche hufuata mzunguko wa injini.

Maelezo haya yanahusu injini ya silinda moja ya familia ya CG125, ile ya fimbo za kusukumia valvu, ambayo Honda ilianza kuitoa miaka ya 1970 na ambayo viwanda vya China vimeinakili kwa majina mengi. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5. Zile za 150 nyingi zina mwendo huo huo na silinda ya milimita 62. Kabureta ni ya slaidi (kizibo kinachoinuliwa na waya wa resi) na sindano, cheche inatoka kwenye CDI, kisanduku cha umeme kinachoamua wakati wa cheche. Mwenye Boxer au TVS yenye kabureta atafuata njia hiyo hiyo, ila vipimo achukue vya injini yake. Pikipiki zinazopuliza mafuta kwa kompyuta zina utaratibu wao na hazimo humu.

Kwa nini dalili zinafanana

Petroli ndani ya silinda hailipuki mara moja. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa, na kusambaa huko kunachukua muda. Ili injini ivute vizuri, msukumo mkubwa kabisa unatakiwa ufike pistoni ikiwa imeshavuka kilele na kushuka kidogo, karibu nyuzi 15 za mzunguko wa krenki. Ndiyo maana cheche hupigwa mapema, pistoni ikiwa bado inapanda.

Mapema kiasi gani? Injini ikiunguruma bila resi kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, krenki huzunguka nyuzi 8 na kidogo katika kila milisekunde. Kwa mizunguko 6,000 huzunguka nyuzi 36 katika muda huo huo. Moto hauwezi kuongeza kasi kwa kiasi hicho, kwa hiyo CDI huiwahisha cheche: katika injini nyingi za aina hii huanza kama nyuzi 15 kabla ya kilele na kufika karibu nyuzi 30 mzunguko ukipanda. Nyuzi 15 pistoni ina kama milimita 1 tu kufika kilele, na nyuzi 30 ina kama milimita 4. Tofauti ya pikipiki inayovuta na isiyovuta ni milimita 3 za mwendo wa pistoni.

Sasa tia mafuta kwenye hesabu. Petroli huungua yote na hewa yote ikiwa gramu 1 ya petroli inakutana na gramu 14.7 za hewa. Lakini nguvu kubwa zaidi hupatikana mafuta yakizidi kidogo, gramu 1 kwa gramu 12.5 hadi 13 za hewa, na hapo ndipo moto husambaa kwa haraka. Hewa ikizidi na kupita gramu 16, moto unakuwa wa uvivu. Cheche inaweza kuwa imepigwa kwa wakati wake kabisa, lakini moto wenyewe unachelewa kumaliza kazi, na valvu ya kutolea moshi inafunguka mchanganyiko ukiwa bado unaungua. Matokeo ni yale yale ya cheche iliyochelewa. Mchanganyiko uliozidi sana mafuta nao huungua polepole, ila huo hujitangaza wenyewe kwa moshi mweusi.

Kipimo cha utepe

Funga utepe mweupe kwenye mpini wa resi na mwingine kwenye kitako chake. Weka alama za robo, nusu, robo tatu na resi kamili. Injini ikiwa imepata moto, tafuta barabara iliyo wazi na isiyo na watu, uendeshe kwa nusu resi katika gia ya pili kwenye tambarare, kisha kwa nusu resi ile ile katika gia ya tatu au ya nne kwenye mlima. Mkono haujabadilika, mzunguko umebadilika.

Kama udhaifu upo katika hali zote mbili na unatoweka ukihamia robo au robo tatu, tatizo liko kwenye kabureta, na utepe umeshakuonyesha sehemu yake. Hadi moja ya nane ya resi injini hulishwa na jeti ndogo (jeti ni kipande chenye tundu linalopima mafuta) pamoja na skrubu. Kutoka hapo hadi robo, mkato wa chini wa slaidi ndio wenye sauti. Robo hadi robo tatu ni sindano na kitundu inamopita. Robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa.

Kama udhaifu unatokea kila mzunguko unapofika mahali fulani, iwe umefungua robo au umefungua yote, achana na kabureta. Hiyo ni cheche.

Ongeza kipimo cha choki. Injini ikiwa dhaifu kwa resi kubwa, vuta choki kidogo, robo ya mwendo wake. Ikipata nguvu, ilikuwa na njaa ya mafuta. Ikizidi kuwa nzito, ama mafuta yamezidi tayari, ama mafuta hayahusiki.

Vinavyojifanya taimingi (wakati wa cheche)

Klachi inayoteleza huongeza mlio bila kuongeza mwendo. Breki ya nyuma iliyobana hupasha habu moto baada ya kilomita 2. Yote mawili yaangalie kwanza, hayachukui dakika tano.

Tapeti, yaani skrubu za kupanga nafasi ya valvu, zinahitaji uangalifu zaidi. Nafasi ya CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi, pistoni kileleni katika mpigo wa kubana, yaani rokaarma zote mbili zikiwa zinacheza. Valvu iliyobana haifungi vizuri ikipata moto, na pikipiki inayovuta asubuhi kisha kuchoka saa nne mara nyingi ina ugonjwa huo. Tapeti za kelele humsumbua mwenye chombo, hivyo wapo mafundi wanaozibana hadi zinyamaze. Kelele ndogo ya tapeti ni dalili ya afya. Ukimya kamili uutilie shaka.

Pima na mgandamizo, resi ikiwa wazi kabisa na kiki ikipigwa mara tano au sita. Injini nzima ya aina hii husoma karibu pauni 150 au zaidi kwa inchi ya mraba. Ikishuka chini ya 110, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ukipanda, ringi zimechoka. Usipopanda, ni valvu au gasketi ya kichwa. Injini ya hivyo usiihangaikie taimingi, kwanza itengenezwe.

Inanguruma lakini haivuti, na shingo ya ekzosi inawaka nyekundu

Huyu ndiye mgonjwa anayewachanganya wengi. Shingo ya ekzosi huwaka kwa sababu moto unatoka silindani haujamaliza kuungua. Chanzo ni kimoja kati ya viwili: cheche imechelewa, au mchanganyiko ni mwepesi (hewa imezidi) hadi moto unakuwa wa polepole.

Choki itakuamulia. Wekundu ukipungua na nguvu ikirudi, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Paka grisi nene kuzunguka maungio ya kabureta na kichwa cha silinda, kwenye kile kipande cheusi cha kuzuia joto na pande zake zote mbili, injini ikiunguruma bila resi. Grisi huziba ufa kwa muda, na mlio ukibadilika umeipata sehemu. Oringi iliyokauka ndiyo sababu ya kawaida, na nyingine ni uso wa kabureta uliopinda kwa kukazwa nati upande mmoja kwanza. Usipulizie petroli kutafuta ufa. Ekzosi iko sentimita chache kutoka hapo na moto utakufikia kabla hujaruka pembeni.

Choki isipobadilisha kitu, nenda ukapime taimingi kama ilivyoelezwa chini.

Inagonga mlimani, na kiki inarudisha mguu

Mlio wa kokoto ndani ya mkebe, injini ikiwa imebebeshwa mzigo kwa mzunguko mdogo, maana yake sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na cheche inayowahi huleta hali hiyo. Kiki ikirudisha mguu kwa nguvu, ushahidi umekamilika: cheche inawahi mno. Usiendelee kuitumia hivyo. Kugonga huondoa utando wa gesi unaokinga pistoni dhidi ya joto, na pistoni ya aluminiamu hutoboka katikati au kumegeka ukingoni kwenye ringi.

Ikigonga bila kurudisha kiki, kabla ya kufungua magneti (gurudumu la sumaku lililo mwisho wa krenki) angalia vitu vitatu. Plagi ya joto kupita kiasi: kwa NGK namba kubwa ni ya baridi zaidi, hivyo D7EA badala ya D8EA hubaki na joto jingi kwenye ncha. Masizi yaliyojaa juu ya pistoni, hasa injini inayokula oili. Na petroli yenyewe.

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hugonga kwa taimingi iliyo sahihi, kwa sababu mafuta ya taa hayastahimili mgandamizo. Tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua tofauti ya bei iliyowavutia wachakachuaji. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka isiache kitu. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Ikiwa na doa, mwaga tanki, safisha bakuli la kabureta, jaza kwingine, kisha ndipo uhukumu injini.

Inakohoa ukifungua resi ghafla

Ikikohoa kupitia kabureta, yaani ikirudisha pumzi kwenye chujio, ni mchanganyiko mwepesi kwenye jeti ndogo au valvu ya kuingizia iliyobana. Resi ukiiachia na mlio ukachelewa kushuka, ni dalili ya ugonjwa huo huo. Mipasuko ya ekzosi ukishuka mlima bila resi nayo hutokana na jeti ndogo iliyoziba, au gasketi ya ekzosi inayovuta hewa kwenye kichwa cha silinda. Badilisha gasketi hiyo kwanza, ni rahisi.

Jeti ndogo ikiwa imeziba, izibue kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Waya wa klachi na sindano ya kushonea viwekwe mbali, na hapa tunasisitiza kwa hesabu. Jeti yenye tundu la milimita 0.38 ikipanuliwa hadi 0.40 hupitisha mafuta karibu asilimia 11 zaidi, kwa sababu eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo. Jeti kubwa ikitoka 0.95 hadi 1.00 ni hivyo hivyo. Mkwaruzo usioonekana kwa macho hubadilisha hali ya injini nzima, na fundi anayefuata atatafuta sababu kila mahali isipokuwa kwenye jeti yenye namba sahihi na tundu lisilo sahihi.

Inafika robo tatu ya resi, kisha inajikaba

Kabla ya kununua jeti kubwa nyingine, pima kama mafuta yanafika. Injini ya 125 kwa mizunguko 8,000 na resi kamili hutumia takribani mililita 50 za petroli kwa dakika. Hesabu yake ni hii: hupumua kama lita 400 za hewa kwa dakika, ambazo ni kama gramu 450, na mgawo wa 12.5 unaleta gramu 36 za petroli. Injini ikiwa baridi na imezimwa, fungua skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta, fungua koki ya tanki, kinga kwenye chupa yenye vipimo kwa dakika nzima. Kipimo hiki kinapima koki, mpira, chujio na sindano ya floti (kielea cha ndani ya bakuli) kwa pamoja. Unataka mililita 150 au zaidi. Ikitoka 40, bila resi itaunguruma vizuri na mjini itakwenda vizuri, lakini kwenye mlima mrefu bakuli litakauka.

Rudia kipimo kifuniko cha tanki kikiwa wazi. Mafuta yakiongezeka, kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimeziba kwa vumbi. Pikipiki inayozimika baada ya dakika kumi na kuwaka tena ikipumzishwa, mara nyingi haina zaidi ya hilo.

Kama mafuta yanatosha, angalia mabadiliko. Sailensa iliyotolewa matumbo na chujio la hewa lililoondolewa huongeza hewa bila kuongeza mafuta, na kwenye barabara za vumbi chujio lililoondolewa hula ringi pia. Rudisha chujio. Sifongo yake huoshwa kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, hukaushwa, hulowekwa oili kidogo na kukamuliwa.

Moshi mweusi, plagi nyeusi na harufu ya petroli

Mafuta yamezidi. Toa chujio la hewa kwa jaribio fupi tu. Injini ikichangamka, chujio ndilo lilikuwa limeziba. Isipochangamka, angalia choki isiyorudi, floti iliyotoboka (itikise karibu na sikio, utasikia petroli ndani), sindano ya floti iliyolika pete nchani, na kibanio cha sindano ya slaidi. Kibanio kikishushwa tundu moja, sindano hupanda na mafuta huongezeka. Wengi hukumbuka kinyume.

Kuna chanzo kingine ambacho si ubovu, nacho ni mwinuko. Pikipiki iliyopangwa Mombasa au Dar es Salaam ikipelekwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, inakutana na hewa nyepesi kwa takribani asilimia 16. Nguvu hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho na hakuna skrubu itakayoirudisha yote. Lakini kabureta nayo hukosea: hewa hupungua kuliko mafuta yanavyopungua, na mchanganyiko unazidi uzito (mafuta yanazidi) kwa kama asilimia 9. Hiyo sehemu unaweza kuirekebisha. Jeti kubwa ya namba 100, kama namba hiyo inahesabu sehemu za mia za milimita moja, ishushwe hadi 95 au 96. Skrubu irekebishwe upya, na sindano ishushwe tundu moja kama nusu resi bado ni nzito. Pikipiki ikirudishwa pwani, jeti irudishwe pia. Jeti ya bara ikitumika pwani hufanya mchanganyiko mwepesi, na madhara ya wepesi ni makubwa kuliko ya uzito.

Inamisi kwenye mzunguko fulani, au ikipata moto

Hapa utepe umeonyesha kuwa mkono hauhusiki. Anza na plagi mpya ya namba sahihi, nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7. Nafasi ikizidi, cheche hushindwa kuruka mgandamizo ukiwa mkubwa, na ndiyo sababu pikipiki humisi ikibeba mzigo tu. Kisha kofia ya plagi: ifungue kwa kuizungusha, kata nusu sentimita ya waya, irudishe. Kofia yenye kizuizi ndani husoma karibu kiloomu 5.

Pulsa koili, inayoiambia CDI wakati wa kupiga cheche, husoma mara nyingi kati ya om 100 na 200, koili ya chaji ya CDI mamia kadhaa ya om, na upande wa pili wa koili ya plagi, bila kofia, kiloomu chache. Namba kamili hutofautiana kati ya watengenezaji. Muhimu zaidi ni kupima mara mbili: baridi, na tena mara tu baada ya pikipiki kufa ikiwa moto. Koili inayoruka kutoka om 150 hadi kutosoma kabisa ina waya uliokatika ndani, na joto ndilo linaloutenganisha. Nafasi kati ya pulsa na donge la magneti iwe karibu nusu milimita.

Angalia pia nyaya mbili za pulsa hazikubadilishana wakati wa ukarabati. Cheche itatoka hata zikipishana, na injini itawaka, lakini CDI itasoma ukingo wa donge usio sahihi, na taimingi itapotea hasa juu.

Na CDI yenyewe. Soketi kuingia si uthibitisho kwamba ndiyo yake. Zipo zinazolishwa na koili ya chaji na zipo zinazolishwa na betri, kwa umbo la kufanana. Nyingine haziwahishi cheche kabisa: pikipiki huwaka vizuri, huunguruma vizuri, na juu inakuwa kama imefungwa kamba. Ukiwa na pikipiki ya pili ya aina ile ile inayovuta, badilishana CDI kwa dakika tano kabla ya kununua.

Kupima taimingi

1. Toa plagi. Ondoa kifuniko cha upande wa kushoto au vizibo vyake, kulingana na injini, na tanguliza chombo chini kwa sababu oili inaweza kumwagika. Magneti ina alama ya T, ambayo ni kilele, alama ya F, ambayo ni cheche bila resi, na mbele yake mistari miwili ya cheche iliyowahishwa kikamilifu. Ukitazama kutoka kushoto, magneti huzunguka kinyume cha saa.

2. Hakikisha T inasema kweli. Usitegemee kuona pistoni kwa jicho. Karibu na kilele hukaa nyuzi kadhaa bila kusogea. Tumia kizuizi: ganda la plagi kuukuu lenye boliti butu iliyofungwa katikati, lifike ndani kiasi cha kuisimamisha pistoni kabla ya kilele. Zungusha magneti kwa mkono taratibu hadi igote, weka alama. Zungusha upande mwingine hadi igote tena, weka alama. Katikati ya alama hizo ndipo kilele kilipo. Usitumie kiki wala stata kizuizi kikiwa ndani.

3. Kama katikati hiyo haiangukii T, magneti imehama kwenye krenki. Pima kipenyo cha nje cha magneti, zidisha kwa 3.14, gawanya kwa 360. Kwa magneti ya milimita 114 jibu ni takribani milimita 1 kwa kila uzi. T ikiwa imepita kwa milimita 6, una makosa ya nyuzi 6.

4. T ikiwa sawa, rudisha plagi, waya wa taa ya taimingi ukabane kwenye waya wa plagi, washa injini. Bila resi, F ikae kwenye kiashiria. Panda polepole hadi mizunguko 4,000 hivi. Alama zisogee kwa utulivu na kutua kwenye mistari miwili. Zisiposogea, ni CDI au pulsa. Zikirukaruka huku na huko, tafuta pulsa iliyolegea, waya mbovu, au beringi ya krenki iliyolika.

Magneti iliyohama maana yake kii ya nusu mwezi, kile kipande kidogo cha chuma kati ya magneti na krenki, imekatika au imepinda. Itoe magneti kwa pula yake, si kwa nyundo. Nyundo hupasua sumaku na kupindisha krenki. Kii haikuumbwa kubeba nguvu, kazi yake ni kuonyesha mahali tu. Kinachoshika magneti ni mkazo wa sehemu ya koni. Kwa hiyo safisha koni zote mbili kwa petroli hadi zikauke kabisa, tia kii mpya, kaza kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Grisi au oili kwenye koni ndiyo iliyokata kii ya kwanza.

Wapo wanaopiga tupa kii ili kupandisha taimingi na kuongeza mwendo. Krenki yenye kipenyo cha milimita 16 kwenye kii ina mzingo wa milimita 50, hivyo milimita 1 ya tupa ni nyuzi 7. CDI iliyokuwa ikifika nyuzi 30 sasa inafika 37. Kwenye gereji, bila mzigo, injini itachangamka. Ikiwa na abiria wawili mlimani, ndipo kugonga kutakapoanza.

Kupanga mchanganyiko, baada ya hayo yote

Taimingi ikibadilika, mlio bila resi hubadilika, kwa hiyo skrubu hupangwa mwisho. Skrubu ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, na kuifungua huongeza mafuta. Ikiwa upande wa chujio, inapima hewa, na kuifungua hupunguza mafuta. Ifunge polepole hadi iguse, bila kukaza, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa imepata moto, izungushe robo robo hadi mlio uwe wa juu kabisa, punguza kwa skrubu ya slaidi hadi mizunguko 1,400, kisha rudia. Ikihitaji kufunguliwa zaidi ya mizunguko mitatu, au kufungwa kabisa, namba ya jeti ndogo si sahihi au kuna hewa ya wizi.

Jeti kubwa hukaguliwa kwa plagi. Weka plagi mpya, endesha kwa resi kamili gia ya tatu kwa takribani kilomita 1 mahali salama, kisha bana klachi na uzime injini kwa swichi kwa wakati mmoja. Ukiiacha iungurume hadi isimame, unasoma jeti ndogo, si kubwa. Kwa petroli isiyo na risasi rangi ya ncha haisemi mengi. Tazama chini, kwenye shina la kauri, ambako pete nyembamba ya kahawia ni mchanganyiko mzuri. Pasipo pete kabisa, ongeza jeti. Pete nene nyeusi, punguza.

Kisha tazama mkono wa chuma wa plagi ile ile. Joto huacha mpaka wa rangi juu yake. Mpaka ukiwa karibu na kona ya mkono, cheche iko mahali pake. Ukiwa umeshuka hadi kwenye nyuzi za skrubu, cheche inawahi. Ukiwa umebaki nchani, inachelewa, na hapo rudi kwenye kizuizi na T kabla ya kugusa jeti nyingine.